Nyanya za Upenuni

Mpangaji wa Lushoto anaishi katikati ya mboga ambazo si zake. Ukitoka Mombo ukapanda kilomita 33 za kona hadi mjini kwetu, unapita Soni na mabonde yaliyojaa kabichi, karoti na hoho, na unapishana na mafuso yanayoteremka yamesheheni, safari ya Dar es Salaam. Ardhi hiyo ina wenyewe. Imerithiwa, ikagawanywa kwa watoto, ikagawanywa tena kwa wajukuu, na vipande vya bondeni karibu na maji havipatikani kirahisi hata kwa kukodi. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga vyumba viwili vyenye baraza la saruji. Hilo baraza ndilo shamba langu, na kwa nyanya za kula nyumbani naliona bora kuliko bonde lenyewe.

Najua hili ni dai kubwa. Sababu yake ni paa.

Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo siku ambayo Tanga mjini watu wanatafuta kivuli, huku tumevaa sweta. Baridi peke yake haiui nyanya. Huichelewesha tu kuiva. Balaa huja baridi inapokutana na majani yaliyolowa. Hapo ndipo bakajani chelewa hupata nafasi. Ugonjwa huu huletwa na kimelea kiitwacho Phytophthora infestans, kilekile kilichoteketeza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuwaingiza watu wake katika njaa kuu. Vijimbegu vyake havionekani kwa macho. Hupeperushwa na upepo kutoka shamba hadi shamba, na huku kwetu viazi mviringo na nyanya hupandwa kila upande. Vikitua kwenye jani kavu haviwezi kuota. Vikikuta jani limekaa na maji kwa saa kadhaa, huota na kupenya ndani, na baada ya siku chache jani limejaa mabaka meusi kama lililomwagiwa maji ya moto. Ndiyo maana wakati wa masika unawaona wakulima na mabomba mgongoni, wakipuliza dawa kila mara. Siwalaumu hata kidogo. Asiyepuliza bondeni huenda asivune.

Nyanya iliyo upenuni hailowi mvua. Ukungu wa asubuhi huifikia, lakini ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto lake polepole usiku, na majani yaliyo karibu nao hukauka mapema. Mimi humwagilia kwenye udongo, kamwe si juu ya majani, na humwagilia asubuhi. Majani ya chini yanayogusa udongo nayakata. Sijanunua dawa ya bakajani.

Kabla ya kutafuta vyombo, kaa barazani siku nzima utazame jua linaingia wapi. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na jua letu linahama. Mwezi Juni, saa sita mchana, linakuwa upande wa kaskazini, limeinama kama nyuzi 28 kutoka utosini. Desemba linakuwa kusini, kama nyuzi 19. Kwa hiyo baraza linalotazama kaskazini hupata jua chini ya paa katika miezi ya baridi kali, Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo miezi unayolihitaji zaidi. Linalotazama kusini hupata zamu yake kuanzia Novemba. Linalotazama mashariki lina jua la asubuhi, na hilo ndilo linalokausha umande. Nyanya na hoho zinataka saa sita za jua au zaidi. Ukiwa na saa tatu au nne tu, usilazimishe. Panda chainizi, saladi, spinachi na giligilani. Saladi ya Lushoto inajaa vizuri kwa sababu ya ubaridi. Pwani hukimbilia kutoa maua na kuwa chungu.

Vyombo nashona mwenyewe. Nachukua viroba viwili vya unga vya kilo 25, naingiza kimoja ndani ya kingine kwa sababu jua huvunja nyuzi za plastiki, kisha nakunja mdomo kwenda nje mpaka kimo kibaki sentimita 35. Napiga mshono mara mbili kwa sindano namba 18 na uzi wa nailoni, na kushikiza mikanda miwili ya begi ubavuni. Kikijaa kinabeba karibu lita 20, ambazo zinatosha mche mmoja wa nyanya. Mmoja tu! Miche miwili katika kiroba kimoja hugombania maji na kivuli chake hushika unyevu, nawe unarudi kulekule kwenye bakajani. Asiyeshona atumie ndoo au dumu la mafuta ya kula la lita 20 lililokatwa juu, alitoboe chini matundu manane hivi kwa msumari uliopashwa moto. Dumu lililokuwa na dawa ya shambani lisiguse chakula, hata lioshwe vipi.

Huko Kibera, Nairobi, watu wengi walijifunza kulima kwenye magunia marefu baada ya mwaka 2008, kwa msaada wa shirika la Solidarités International: katikati nguzo ya mawe ya kupitishia maji, pembeni matundu ya kupandia sukuma wiki. Ni njia nzuri panapobana. Kwa baraza letu la baridi naona gunia refu linachelewa kukauka chini, mizizi ikaoza, ndiyo maana nabaki na kimo kifupi.

Udongo wetu mwekundu una rutuba ukiwa mlimani, lakini ndani ya chombo hushikamana na kuwa mgumu. Nachanganya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi iliyooza vizuri, na moja ya pumba za mpunga zinazotoka Mombo kwenye mashamba ya umwagiliaji. Samadi ya ng'ombe haikosekani, maana wengi huku wanafugia bandani; tangu miaka ya 1980 mradi wa SECAP ulihimiza ufugaji huo na kupanda majani kwenye makingamaji ili kuzuia mmomonyoko. Udongo mweusi wa msitu wa Magamba uacheni msituni. Ni hifadhi.

Mmoja wa mimea ya chungu iliyosambaa zaidi duniani umetoka milima hii. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliupata Usambara ukiota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, na mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akaupa jina la Saintpaulia. Leo maua yake ya zambarau yako kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa sababu mmea uliozoea udongo kidogo wa ufa hauhangaiki chunguni. Huo nao hupenda majani yake yabaki makavu.

Mbegu ya nyanya ninayoipenda ni Tanya, kutoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha. Haipandi juu sana, tunda lake ni gumu na linakaa. Kigingi kimoja cha mwanzi kinaitosha. Upenuni upepo ni kidogo, hivyo maua yakifunguka nagonga shina taratibu mchana ili chavua idondoke. Yuko pia kantangaze, yule nondo aliyeingia nchini mwaka 2014. Viwavi wake huchora vijia vyeupe ndani ya jani. Nikiona kijia nafinya, na jioni nafunika viroba kwa mabaki ya neti za mapazia, ambayo pia huzuia kuku wa jirani.

Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akaniambia, "Mwanangu, usinichafulie saruji." Nikamjibu, "Sitaichafua, mama," nikaweka kila kiroba juu ya matofali mawili na sahani kuukuu chini yake kukinga maji. Tangu hapo chainizi za mavuno ya kwanza ni zake. Mpangaji yeyote aanze na mazungumzo hayo kabla ya kununua mbegu.

Mkataba ukiisha, viroba vinahama. Usimwagilie siku moja kabla, maana kiroba kilicholowa hakibebeki. Kamata mikanda watu wawili. Udongo nao ubebe, samadi ni pesa. Uongezee robo ya samadi mpya, lakini pale palipotoka nyanya usirudishe nyanya, hoho, mnavu wala viazi mviringo, kwa kuwa ni ukoo mmoja na hurithishana magonjwa. Panda maharage kwanza, kisha chainizi, ndipo nyanya irudi.