Banio lililoacha kuvuja

Zamani mkulima wa mpunga wa Mbarali alikinga mto kwa miti, mawe na majani. Banio la namna hiyo lilivuja. Mafuriko ya masika yalilizoa, na kiangazi maji yalijipenyeza kwenye matundu yake yakaendelea na safari ya kwenda bwawa la Ihefu. Miradi ya umwagiliaji ilipofika ikauona uvujaji ule kuwa hasara, ikajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Mkulima alipumua: hakuna tena kukata miti kila mwaka na kusimama majini kujenga upya. Ila kiangazi, kwa lango lile, mfereji mmoja unaweza kumeza karibu mto wote.

Maji yaliyoitwa hasara yalikuwa na wenyewe. Yalilisha Ihefu, bwawa la nyasi na samaki ambalo mlango wake wa kutolea maji ni ukingo wa mwamba pale Ng'iriama. Kina kikishuka chini ya mwamba huo, mto Ruaha Mkuu unaotoka hapo unakatika. Tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope.

Mgao wa umeme nao ulipokuja, wakulima walibebeshwa lawama za kupungua kwa maji katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Naona walionewa. Mtera hujazwa na maji ya masika, na hupokea pia mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Anayeumia kwa banio la kiangazi ni mnyama hifadhini, na mwanakijiji wa chini anayefukua mchanga wa mto apate ndoo moja.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kuwa ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima. Katika jitihada hizo wafugaji wakaondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, na pori la akiba la Usangu, lenye Ihefu, likaingizwa hifadhini 2008. Mwaka 2010 ukapita, mto ukazidi kukauka.

Inaniuma kwamba vibali vya maji viliandikwa kwa lita kwa sekunde, mara nyingi bila kufuata mto unavyojaa na kupungua, ilhali wakulima wenyewe wanajua kugawana kwa zamu mto unapopungua. Zamu hiyo ilistahili kufika hadi Ng'iriama. Na fundi atakayekarabati mabanio yale aache tundu chini ya lango, lisilo na kifuniko, mto upite.