Kwa nini rangi inalainika chini ya rola, halafu haichuruziki ukutani?

Fungua ndoo ya rangi ya maji: nzito kama uji. Lakini ikipita chini ya rola inalainika na kuenea kirahisi. Rola ikishaondoka, inakuwa nzito tena na kubaki palepale. Inawezekanaje?

Rangi si kama maji

Mwaka 1687, Isaac Newton alieleza kanuni ya vimiminika: ukiongeza kasi ya mwendo mara mbili, ukinzani nao unaongezeka mara mbili. Maji yanafuata kanuni hiyo. Rangi haifuati.

Sababu ni polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi. Rangi ikitulia, nyuzi hizo zimejikunja na kushikana. Ikisuguliwa, zinanyooka kufuata mwendo, na rangi inateleza.

Kazi iko ukingoni

Ili rangi ishike, lazima iisukume hewa iliyogusa ukuta na kuchukua nafasi yake. Hilo hutokea kwenye mstari mwembamba ambapo rangi, ukuta na hewa vinakutana. Hapo msuguano ni mkali kuliko kwingine kote, kwa hiyo hapo ndipo rangi inapolainika zaidi na kusonga mbele bila kukwama.

Lakini kasi ina kikomo. Ukiendesha rola haraka mno, rangi inashindwa kuiondoa hewa yote. Inayonaswa chini inaleta viputo na vitundu vidogo. Viwanda vinavyopaka gundi kwenye karatasi au plastiki vina tatizo hilohilo: mashine ikizidi kasi fulani, hewa inaingia.

Kuna shida ya pili. Polima ndefu huvutika kama mlenda. Rola ikikimbia, rangi inavutika kati ya rola na ukuta, inakatika, na matone yanarukia sakafu na nguo zako.

Maji yakizidi

Wapo wanaoongeza maji ili ndoo moja itoshe vyumba viwili. Maji yakizidi, polima zinatawanyika mno na kushindwa kushikana. Rangi inabaki nyepesi hata rola ikiondoka: inachuruzika, tabaka linakuwa jembamba, na ukuta unadai kupakwa upya. Ndoo uliyodhani umeiokoa, unarudi dukani kuinunua.

Kabla kazi haijaanza, soma kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye ndoo. Na fundi akiharakisha, mwambie aendeshe rola taratibu.