JINA LA SAMAKI NA SOKO LA SIMU: UTEUZI WA MSAMIATI KATIKA BIASHARA YA KIDIJITI, MIGORI NA HOMA BAY

1. Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna uteuzi wa msamiati unavyoathiri uuzaji wa bidhaa kwa njia ya simu katika kaunti za Migori na Homa Bay, nchini Kenya. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, na mitandao ya kijamii kuenea baada ya hapo, mchuuzi wa ufukweni ameweza kumwuzia mtu asiyemwona. Utangazaji wa namna hii unaweza kubadilishwa kila siku: tangazo hutolewa, majibu ya wanunuzi hupimwa, kisha tangazo hurekebishwa. Utaratibu huo tutauita mkakati nyumbufu. Aghalabu yanayorekebishwa ni bei, picha na saa ya kutangaza. Sisi tunadai kwamba katika eneo hili jambo la kwanza la kurekebishwa ni jina la bidhaa yenyewe, na kwamba jambo hilo linamhusu mwanaisimu sawasawa na linavyomhusu mfanyabiashara.

2. Hali ya lugha

Dholuo ndiyo lugha yenye wasemaji wengi zaidi katika kaunti zote mbili. Kisuba, lugha ya Kibantu ya Mfangano, Rusinga na Mbita, kimepoteza wasemaji wengi waliohamia Dholuo. Huko Migori wako pia Wakuria, ambao ndugu zao wanaishi Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Isebania na Sirari. Kiswahili ni lugha ya taifa na, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtu angedhani kwamba mchuuzi akishachagua Kiswahili amemaliza kazi. Kwa kweli hapo ndipo kazi inapoanza.

3. Samaki mmoja, majina kadhaa

Samaki anayeitwa mbuta upande wa Kenya huitwa sangara Tanzania na mputa Uganda. Omena wa Kenya ni dagaa Tanzania na mukene Uganda. Ngege wa Kenya ni sato Tanzania. Na hata neno ngege limepanuka maana, kwani hapo awali lilimtaja samaki wa asili wa ziwa hili, nalo sasa sokoni hutumika pia kwa jamii iliyoletwa kutoka kwingine, ambayo Waluo huiita nyamami.

Neno dagaa nalo lina utata wake. Dagaa wa Kigoma hutoka Ziwa Tanganyika na si jamii moja na wa Ziwa Viktoria. Pwani neno hilohilo hutaja samaki wadogo wa baharini. Kwa hiyo neno lenye eneo pana kuliko yote ndilo linalohitaji kivumishi zaidi ya yote.

4. Mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Mchuuzi wa Mbita anaandika katika simu yake: "Omena kavu, kwa gorogoro, bei ni shilingi kadha." Kwa mnunuzi wa Migori mjini au Nairobi tangazo hili halina kasoro. Akilipeleka Sirari na Tarime, linakutana na vizuizi vitatu. Omena si jina la huko. Gorogoro, mkebe unaopimiwa nafaka na omena katika masoko ya Kenya, si kipimo ambacho kila mnunuzi wa Tanzania atakielewa. Shilingi nayo ni jina la fedha mbili zenye thamani tofauti kabisa. Mnunuzi anayetafuta kwa kuandika "dagaa" hatalipata tangazo hilo kabisa, maana chombo hutafuta herufi, hakimtafuti samaki.

Mchuuzi mwenye busara hatabadilisha yote kwa pamoja, kwani hatajua ni badiliko lipi lililomletea wanunuzi. Ataanza na jina: "dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria". Kisha kipimo: kilo. Kisha fedha: shilingi za Tanzania. Kila mara atahesabu waliouliza na waliolipa. Swali "Ni samaki gani hao?" likirudiwa ni ushahidi kwamba jina limeshindwa, swali "Kilo ngapi?" ni ushahidi kwamba limefaulu.

Majira nayo yana sauti katika jambo hili. Kwa kawaida uvuvi wa omena upande wa Kenya husimamishwa kuanzia Aprili hadi Julai. Katika miezi hiyo neno "mpya" haliwezi kutumika kwa shehena ya Machi bila kumdanganya mnunuzi, na mnunuzi wa mbali aliyedanganywa mara moja harudi.

5. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba unyumbufu wa soko la simu unategemea ujuzi wa visawe na mipaka yake ya kijiografia. Ujuzi huo wachuuzi wanaupata kwa hasara, wakati magunia yamelala na mvua inakaribia. Idara zetu zinaweza kuwapunguzia hasara hiyo. Kamusi zionyeshe, kwa kila jina la samaki, eneo linakotumika na visawe vyake vya nchi jirani. Vipimo vya sokoni navyo viorodheshwe kwa uzito wake. Kazi hii ni ndogo kwa watafiti, lakini kwa mchuuzi wa Mbita au Isebania ni tofauti ya kuuza na kutouza.