KUTULIZA MWASHO WA KUUMWA NA WADUDU WAKATI WA UCHUMAJI WA KARAFUU

Wachumaji wa karafuu, wenye mashamba na wazazi wanaofuatana na watoto wao kambini wanaarifiwa juu ya njia zilizo salama za kutuliza mwasho unaotokana na kuumwa na wadudu. Jambo hili huonekana dogo, na aghalabu halifikishwi kwa mganga. Lakini alama ya mbu huondoka yenyewe kwa siku chache. Kidonda kinachobaki baada yake huwa kimeletwa na kucha za aliyejikuna.

Mbu jike atobowapo ngozi huingiza mate yanayozuia damu isigande. Mwili huyahesabu mate hayo kuwa ni kitu kigeni, hutoa kemikali iitwayo histamini, na hapo ndipo ngozi huvimba na kuwasha. Kujikuna hakuyatoi mate hayo, bali huzidisha uvimbe na kufungua mlango wa vijidudu vya usaha. Maji moto, ambaye kila mpanda mikarafuu anamjua, ana njia yake nyingine: huuma kwa taya, kisha hurushia jeraha tindikali. Ama mbung'o, wananchi wa Unguja hawana haja tena ya kumfikiria. Alitokomezwa kisiwani humo kufikia mwaka 1997 kwa kuachiwa madume waliofanywa tasa. Mbu na maji moto hawajapatiwa dawa ya namna hiyo.

Aliyeumwa aoshe pahala hapo kwa maji na sabuni, kisha aweke kitambaa kilichorowekwa katika maji baridi kwa muda wa dakika 10, na arudie kila mwasho unaporejea. Barafu haipatikani kambini. Maji ya mtungi yanatosha. Aliyevamiwa na maji moto atangulie kuwapangusa wote waliong'ang'ania, ndani ya nguo na nje, kabla ya kuosha. Aliyepigwa na nyuki aukwangue mwiba mara moja, kwani mfuko wa sumu huendelea kusukuma sumu ungali umo ngozini. Dawa ya maji ya kalamini, inayouzwa madukani, hupoza vizuri. Watoto wakatwe kucha kabla ya kwenda kambini.

Baadhi ya watu hupaka mafuta ya taa, majivu au ndimu. Mafuta ya taa huunguza ngozi, majivu huchafua jeraha, na ndimu ikipigwa na jua huacha ngozi imebabuka na kuwa na mabaka meusi. Mafuta ya makonyo, yanayotengenezwa katika kiwanda cha Wawi huko Pemba, yana sifa ya kufukuza mbu na kutia ganzi, lakini ni makali. Yasipakwe bila ya kuchanganywa na mafuta mengine, yasipakwe juu ya ngozi iliyochunika, na wala wasipakwe watoto wadogo.

Jambo linalotakiwa kuzingatiwa zaidi ni vidonge. Vidonge vya kuzuia mwasho vya aina ya zamani, ambavyo wengi huviita Piriton, hutuliza kweli, lakini huleta usingizi na kulegeza mwili kwa saa kadhaa. Mchumaji aliyemeza kidonge hicho asubuhi kisha akapanda mkarafuu amejiweka katika hatari kubwa kuliko ya mdudu yeyote. Mkarafuu ni mti mrefu, na tawi lake halisamehe. Vidonge hivyo vimezwe usiku, baada ya kazi, na anayeamka akiwa bado mzito abakie chini kuchambua. Setirizini huleta usingizi kidogo zaidi, ingawa baadhi ya watu huwalevya vile vile. Asiyewahi kuitumia asiijaribu kwa mara ya kwanza siku ya kupanda. Wenye mashamba wanaombwa wasimlazimishe mchumaji wa hali hiyo.

Kuumwa kwingi hutokea jioni, watu wanapokaa mikekani kuchambua karafuu kwa mwangaza wa taa. Nguo ya mikono mirefu, na kanga au kikoi kilichofunika miguu, hupunguza adha hiyo, na chandarua kifungwe pia kambini kama nyumbani. Vifuu vilivyotupwa vikingama maji ya vuli huwa mazalio ya mbu. Vifunikwe chini juu au vichomwe.

Mwenye matende asidharau mchubuko wowote mguuni. Mguu uliovimba hushambuliwa upesi na vijidudu, hivyo uoshwe kwa sabuni kila siku na kukaushwa vizuri, hata baina ya vidole.

Aliyeumwa akivimba midomo au uso, akapumua kwa taabu au kuzimia, apelekwe hospitali papo hapo bila ya kusubiri dawa ya kienyeji. Pahala palipoumwa pakizidi kuwa pekundu, pakawa pa moto au kutoa usaha, aende kituo cha afya. Homa nayo ni jambo la mbali na mwasho. Malaria haianzi siku ile ile ya kuumwa, bali kwa kawaida huchukua siku 7 au zaidi, na huenda mchumaji akawa amekwisharejea kwao. Kwa hivyo kila apatwaye na homa baada ya kutoka kambini apimwe damu, na amueleze mganga alikuwa shamba gani na alilala huko siku ngapi.