Kiu ya Popi

Chupa kubwa ya maji ya dukani inabeba lita moja na nusu. Ikumbuke chupa hiyo, tutaihitaji.

Tuseme unaishi Galula, wilayani Songwe, na unafuga mbwa jike wa kilo 15, mbwa wetu wa kawaida, rangi ya udongo, masikio wima, mlinzi wa kuku na wa mpunga ulioanikwa. Tumwite Popi. Mpaka wiki iliyopita alikuwa akilamba maji kidogo jioni na kwenda zake. Sasa sufuria yake imekauka kabla ya saa nne asubuhi, anahamia kwenye ndoo ya kuoshea vyombo, na usiku anaamka kutafuta maji. Asubuhi unakuta mkojo mlangoni pa jiko, jambo ambalo hajalifanya tangu akiwa mdogo.

Utasingizia joto, na si wazo baya. Galula iko chini bondeni, upande wa Ziwa Rukwa, na aliyeshuka huku akitokea Mbozi au Tunduma anajua koti linavyovuliwa njiani. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Jasho lake ni la kwenye nyayo tu, kwa hiyo hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kila pumzi inaondoka na maji. Mwezi wa Oktoba, mvua zikiwa hazijaanza, mbwa anayekunywa sana ni mbwa mwenye akili.

Lakini joto lina alama yake. Maji yaliyokwisha kutoka kwa kuhema hayatoki tena kwa mkojo. Mbwa aliyechomwa na jua hunywa mengi akakojoa kidogo, mkojo wa njano iliyokolea na harufu kali. Popi anakunywa mengi na kukojoa mengi, na mkojo wake ni mweupe kama maji ya kisima. Basi jua halina kosa.

Hapa ndipo wengi tunapogeuza mambo. Tunasema mbwa anakojoa ovyo kwa sababu anakunywa ovyo, kumbe mara nyingi ni kinyume chake: anakunywa kwa sababu mkojo unamtoroka. Chini ya ubongo kuna chembe ambazo kazi yake ni kuionja damu. Damu ikizidi chumvi, ubongo unafanya mambo mawili kwa pamoja. Unaamsha kiu, na unatoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, zisiyaachie. Figo zikisikia amri, mkojo unakuwa mchache na mzito. Zikiwa mbovu, au kitu kikiziziba masikio, maji yanapita kama kwenye chekeche, na kiu inabaki peke yake kufanya kazi ya wawili.

Kwa hiyo kosa kubwa kuliko yote ni kumficha maji. Ni kosa linaloeleweka, hasa pale kila ndoo inapobebwa kichwani. Lakini mbwa wa namna hii akinyimwa maji haachi kukojoa. Anaendelea kukojoa na kukauka, na siku moja inaweza kutosha kummaliza.

Badala ya kuficha maji, yapime. Mbwa mzima hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na madaktari wa mifugo huanza kushtuka anapopita 100. Kwa Popi wa kilo 15, hiyo ni lita moja na nusu kamili, yaani chupa yetu. Mfungie uani siku nzima asizurure, funika ndoo nyingine zote, mimina kutoka kwenye chupa tu, na saa ileile kesho yake hesabu. Fanya hivyo siku mbili au tatu. Anayekula ugali uliolowa mchuzi anapata maji kwenye chakula pia, kwa hiyo akimaliza chupa nzima juu ya mchuzi huo, usijidanganye. Uzito utaupata kwenye mizani ya mazao, ile ya kuning'inizwa. Mtie kwenye kiroba, kichwa kikiwa nje.

Halafu jiulize maswali mawili. La kwanza: je, amechomwa sindano ya kuwashwa au kupewa vidonge hivi karibuni? Deksamethazoni na prednisoloni huleta kiu kubwa, na ikiwa ndizo chanzo, kiu huisha zikisimamishwa kwa ushauri wa aliyezitoa. La pili ndilo ningelipigia mstari: je, mwezi mmoja au miwili iliyopita alikuwa akifuatwa na madume?

Mbwa wetu wengi jike hawajafungwa kizazi. Baada ya msimu wake wa kufuatwa na madume kupita, mfuko wa uzazi hubaki umelainika na tayari kwa mimba hata kama mimba haipo, na bakteria wa kwenye choo, E. koli, wakipanda humo hupata makao. Mfuko unajaa usaha. Sumu ya bakteria hao inaingia kwenye damu na kuzizuia figo zisiisikie ile homoni, na hapo ndipo kiu inapoanza. Mara nyingine usaha unatoka na utauona kwenye mkia. Mara nyingine mlango wa mfuko umefunga na hakuna cha kuona ila kiu, uchovu, tumbo kujaa na kukataa chakula. Huyo aliyefunga ndiye wa hatari zaidi, maana mfuko unaweza kupasuka. Dawa yake hasa ni kuutoa mfuko kwa upasuaji.

Kisukari nacho kipo. Mwaka 1889 huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho ili wajue kazi yake. Mbwa aliyekuwa amefundishwa adabu akaanza kukojoa sakafuni kila wakati. Minkowski akaupima mkojo, akakuta sukari tele. Ni kwa mbwa tena, mwaka 1921 huko Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipoipata insulini, na Januari 1922 mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa sindano ya kwanza. Kila mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini leo ana deni kwa mbwa aliyekojoa pasipotakiwa. Vijiti vya kupima sukari kwenye mkojo wa binadamu vinafaa kwa mbwa pia.

Figo zenyewe zikianza kufa hazipigi kelele. Uwezo wa kubana mkojo hupotea wakati kama theluthi mbili za kazi yao zimekwisha, kwa hiyo kiu ya mbwa mzee ni habari iliyochelewa. Wilaya ya Songwe ina wachimbaji wadogo wa dhahabu, na zebaki wanayoshikia dhahabu ni sumu ya figo. Mbwa asizoee kunywa kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga.

Kuna pia homa ya mgunda, ile iliyowashtua Watanzania Julai 2022 ilipoua watu watatu mkoani Lindi. Bakteria wake hukaa kwenye figo za panya na za mbwa, na hutoka na mkojo. Mkojo wa mbwa mwenye kiu, homa na macho ya njano usioshwe kwa mikono mitupu, na watoto wasicheze hapo.

Na usitulie kwa kusema "anakunywa maji, basi hana kichaa." Kuogopa maji ni dalili ya binadamu. Mbwa mwenye kichaa haogopi maji, huenda hata akayaendea, ila koo limepooza na hayamezi. Akibadilika tabia na kudondosha udenda, usimfungue mdomo kutafuta mfupa.

   

Popi akimaliza chupa siku mbili mfululizo, kinga mkojo wake wa alfajiri kwenye kopo safi, andika tarehe aliyoacha kufuatwa na madume, umpeleke kwa afisa mifugo. Ukiona usaha, au akikataa chakula, usingoje Jumatatu.