Je, Wajua? Figo na Asili ya Mtu

Kwamba Msukuma wa Sengerema anaweza kupandikizwa figo ya Mzinza, Mkerewe au hata Mhindi? Maabara haipimi kabila. Inapima kundi la damu, vinasaba vya kinga viitwavyo HLA, na kama damu ya mgonjwa ina kingamwili za kuishambulia figo ngeni. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa kwa HLA, ndiyo maana si haki mzigo wote kumwangukia kaka mkubwa.

Kwamba Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, ikisaidiwa na madaktari wa India? Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018.

Kwamba mbung'o, mwenezaji wa malale, naye anahusika na figo? Kandokando ya Ziwa Victoria anajulikana vizuri: mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda. Damu ya binadamu ina protini, APOL1, inayopasua vimelea vya jamii ya vile vya malale, lakini vile vya malale ya Afrika Mashariki vilipata njia ya kuikwepa. Baadhi ya Waafrika wamerithi maumbo mawili ya jeni ya protini hiyo, G1 na G2, yanayosaidia kupambana na malale. Mwaka 2010 watafiti walionyesha gharama yake: aliyerithi kwa baba na kwa mama pia yumo katika hatari kubwa zaidi ya figo kufa. Na figo ikihamishwa, huhama na jeni za mwenyewe. Huko Marekani imeonekana kwamba figo za wachangiaji weusi wenye jeni hizo mbili huharibika mapema zaidi. Lakini tuwe waangalifu hapa. Wamarekani weusi wengi wana asili ya Afrika Magharibi, ambako G1 imeenea sana. Matokeo yao hayawezi kubandikwa tu kwa mtu wa Buchosa au Ukerewe kwa sababu wote ni weusi.

Kwamba dozi ile ile haiwatoshi watu wote? Takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, huvunjwa haraka na kimeng'enya CYP3A5. Waafrika wengi wanacho, Wazungu wachache tu. Mwenye nacho huhitaji dozi kubwa zaidi, ambayo mara nyingi ni mara moja na nusu hadi mbili ya ile ya kawaida. Kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu humaliza tatizo hilo, mradi kipatikane.

Kwamba si kila tofauti imo mwilini? Kwa miaka mingi Marekani, kanuni ya kukadiria kazi ya figo ilimwongezea mtu mweusi alama, akaonekana mzima kuliko alivyo na kuchelewa kuingia foleni ya kupata figo. Kanuni mpya isiyotaja rangi ilitolewa mwaka 2021, na mwaka 2023 hospitali zikaagizwa kuwarudishia wagonjwa hao muda waliopoteza. Huo ulikuwa ubaguzi ulioandikwa kwa hesabu.

Msomaji wa Sengerema, kama una ndugu anayevuka daraja la Kigongo–Busisi mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu Hospitali ya Bugando, usisubiri kuombwa: kapime kundi lako la damu, kisha mkamwone daktari wake pamoja.