KRISMASI NA SIKUKUU ZA WAPAGANI WA KALE



Kila mwaka Desemba inapokaribia, swali moja hutokea katika madarasa ya kisomo. Mtu husimama akasema, "Krismasi ni sikukuu ya wapagani, kwenye Biblia haimo." Mwingine hukasirika, na darasa likawa kama baraza la kesi. Wapo ndugu wa tumbo moja ambao hawali pamoja siku hiyo kwa ajili ya jambo hili. Kwa hiyo tumeona afadhali tueleze historia yake. Sisi hatuhubiri. Gazeti hili ni la Wakristo, Waislamu, na wanaofuata mila za babu. Tunaeleza yaliyotokea, basi.

Tuanze na neno lenyewe, mpagani. Limetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwao "paganus" alikuwa mtu wa shamba, mwanakijiji. Maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba Ukristo ulienea upesi mijini, na watu wa mashambani wakakawia kuacha miungu yao. Ndipo jina la mwanakijiji likawa jina la mtu asiyemjua Mungu. Sisi wa vijijini tunaweza kucheka kidogo hapo.

JUA LA ROMA

Ni kweli, Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa Yesu. Luka anasema wachungaji walikuwa makondeni wakilinda kundi lao usiku. Mwezi hakuutaja. Sikukuu kubwa ya Wakristo wa kwanza ilikuwa Pasaka. Krismasi ilikuja baadaye sana.

Sasa, kwa nini 25 Desemba? Hapa lazima tuelewe jua la huko. Kwetu, karibu na ikweta, mchana na usiku hutofautiana kidogo tu mwaka mzima. Roma sivyo. Mwezi wa Juni mchana wa Roma una saa kama 15, lakini mwezi wa Desemba una saa kama 9 tu. Baridi ni kali, shamba limelala, na jua linaonekana kama mgonjwa. Halafu siku zinaanza kurefuka tena. Hebu fikiri, mkulima wa huko angekosaje kufurahi? Katika kalenda ya Warumi, siku ya jua kugeuka ilihesabiwa kuwa 25 Desemba.

Kabla ya siku hiyo Warumi walikuwa na sikukuu ya Saturno, mungu wa kilimo. Ilianza 17 Desemba na kuendelea siku kadhaa. Kazi zilisimama. Watumwa walikula karamu pamoja na mabwana zao, na pengine bwana mwenyewe alimwandalia mtumwa chakula. Watu walipeana zawadi za mishumaa na sanamu ndogo za udongo. Hata kamari iliruhusiwa siku hizo!

Mwaka 274 Kaisari Aurelian alifungua hekalu kubwa Roma kwa ajili ya mungu aliyeitwa Jua Lisiloshindwa. Tena iko kalenda iliyoandikwa Roma mwaka 354. Ndani yake 25 Desemba ni siku ya kuzaliwa Yule Asiyeshindwa, na katika kitabu hichohicho ni siku ya kuzaliwa Kristo katika Bethlehemu.

Wataalamu wameigawa habari hii pande mbili. Wa kwanza wanasema viongozi wa Kanisa waliichagua siku ya jua ili kuwavuta watu. Wa pili wanasema hapana, Wakristo walifanya hesabu. Karibu na mwaka 200 wako walioamini kwamba Kristo alikufa 25 Machi. Wakaona kwamba alitungwa mimba tarehe hiyohiyo. Ukihesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, unafika 25 Desemba. Wengine wa upande wa mashariki walishika 6 Aprili, na hesabu yao ikafika 6 Januari. Waarmenia mpaka leo husherehekea kuzaliwa kwa Yesu tarehe 6 Januari. (Waethiopia husherehekea 7 Januari, lakini sababu yao ni nyingine: ni ileile 25 Desemba ya kalenda ya zamani, ambayo sasa iko nyuma kwa siku 13.)

Sisi tunaona hesabu hii ina nguvu kuliko watu wanavyodhani. Lakini haiondoi jua. Katika karne ya 5, Papa Leo wa Kwanza aliwakemea Wakristo wa Roma kwa jambo la ajabu. Walikuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro, halafu, kabla ya kuingia, wakigeuka na kuliinamia jua. Mguu mmoja kanisani, mguu mmoja kwa babu.

BARUA YA NG'OMBE

Habari tunayotaka msomaji aishike ni hii. Mwaka 601 Papa Gregori wa Kwanza alikuwa amepeleka wamisionari Uingereza. Waingereza wakati ule walikuwa wapagani. Waliabudu miungu ya mababu na kuwachinjia ng'ombe. Kwanza Gregori alimwandikia mfalme Ethelbert wa Kent, akamtaka ayabomoe mahekalu. Halafu akafikiri sana, akaandika barua ya pili kwa Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda huko.

Katika barua hiyo alibadili shauri. Mahekalu yasibomolewe. Sanamu zivunjwe, lakini nyumba zenyewe, kama ni imara, zinyunyizwe maji ya baraka na kuwekwa altare. Hivyo watu watakuja mahali walipopazoea. Na ng'ombe je? Watu waendelee kuchinja, ila si kwa mizimu. Siku ya sikukuu wajenge vibanda vya matawi kuzunguka kanisa, wachinje, wale, na wamshukuru Mungu. Sababu aliyoitoa ni kwamba huwezi kuwanyang'anya watu kila kitu kwa mara moja. Apandaye mahali pa juu huenda kwa hatua, haruki.

Ng'ombe walewale, mahali palepale, na nyama ileile. Aliyeshukuriwa ndiye aliyebadilika.

Juu ya Pasaka watu hukosea zaidi. Husikia kwamba Pasaka ni sikukuu ya mungu wa kike. Habari hiyo ilitoka kwa mtawa Mwingereza, Bede, aliyeandika mwaka 725 kwamba jina la Kiingereza la Pasaka limetokana na Eostre, mungu wa kike aliyefanyiwa sherehe karibu na mwezi wa Aprili. Katika waandishi wa zamani ni Bede peke yake aliyemtaja. Tena hilo ni jina la Kiingereza. Neno letu Pasaka limetoka katika Kiebrania, katika sikukuu ya Wayahudi ya kukumbuka kutoka Misri. Ndiyo maana Pasaka hufuata mwezi wa angani: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu unaotokea 21 Machi au baada yake. Haiwi kabla ya 22 Machi wala baada ya 25 Aprili.

Ndugu wanaoikataa Krismasi nao si wa kwanza. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza liliipiga marufuku, kwa kuwa Biblia haikuiagiza. Huko Massachusetts, Marekani, kuanzia mwaka 1659 mtu aliyeisherehekea alitozwa faini shilingi 5. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1681.

Wala jambo hili si la Wakristo tu. Makunduchi, Unguja, watu ni Waislamu, na kila Julai wanasherehekea Mwaka Kogwa kwa kupigana kwa magomba ya migomba. Asili yake ni mwaka mpya wa Waajemi wa kale.

Sasa turudi kwetu. Wamisionari walipofika Afrika, mahali pengi walikataza ngoma kanisani. Wazee waliambiwa kwamba sherehe zao za mavuno ni za shetani. Barua ya Gregori ilikuwa imesahauliwa, ingawa waliokataza walikuwa wajukuu wa wale waliochinja ng'ombe kwenye vibanda vya matawi. Tunaona hapo wazee wetu walionewa.

Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Katoliki, uliruhusu mila za watu ziingie katika ibada, maadamu hazina ushirikina. Na mwaka 1988 Roma ilikubali taratibu ya misa ya Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Katika misa hiyo padri na watumishi wake huizunguka altare wakicheza kwa mwendo wa ngoma, na mwanzoni, pamoja na watakatifu, huitwa pia mababu waliokuwa na mioyo minyofu.